Msiba Unapoingia Mkongani

Mkongani, upande wa Matuga katika Kaunti ya Kwale, ni kwa Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Atakaye kuona jinsi ibada inavyomtuliza mtu aliyelemewa moyoni, na aende msibani.

Habari ikifika, neno la kwanza ni "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", yaani sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Kisha kazi huanza: wapo wa kuchimba kaburi, wa kutafuta sanda, wa kumwosha maiti. Mazishi hayacheleweshwi. Wanaume huswali swala ya jeneza, takbira nne bila rukuu wala sijida, na kaburini kila mmoja hutia mchanga kwa mkono wake. Mfiwa haachwi peke yake na mawazo.

Kulia hakukatazwa. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Lililokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupiga mayowe ya kumlalamikia Mola.

Huzuni nayo ina muda wake. Siku tatu za matanga watu huja kutoa pole, na husomwa khitma: juzuu 30 za Kurani hugawanywa, kila ajuaye akasoma yake. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kama ilivyoelezwa katika Suratul Baqara. Kwa muda huo hakuna wa kumharakisha, na ukiisha hakuna wa kumzuia kuolewa tena.

Hasira pia huzuka, hasa madeni na mirathi vikitajwa. Hapo wazee hukumbusha mafundisho ya Mtume: aliyekasirika amesimama na akae, asipotulia na alale; na atawadhe, kwa kuwa hasira hutoka kwa shetani aliyeumbwa kwa moto, na moto huzimwa kwa maji.

Ila kuna jambo tumelipindua. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula. Pwani yetu, mara nyingi mfiwa ndiye anayelisha umati, na matanga yakianuliwa hubaki na deni juu ya majonzi. Ibada imekwisha kumpunguzia mzigo, tusimwongezee mwingine. Ukienda kutoa pole, nenda na unga, au mchele, au sukari, ukawaachie wenyewe.