Mteule, Mwaniaji na Mshindi: Istilahi za Tuzo za Filamu

Mfasiri wa tahakiki za filamu hana budi kutenganisha hatua tatu: filamu kuingizwa katika orodha ya zinazoshindania tuzo, mhakiki kueleza ipi anaiona itashinda, na mshindi kutangazwa. Katika maandishi mengi ya Kiswahili hatua ya kwanza huelezwa kwa kitenzi kuteuliwa peke yake, na hapo ndipo upotofu unapoanzia.

Katika lugha ya utawala, aliyeteuliwa kuwa mkurugenzi amekwisha kupata cheo. Vivyo hivyo, rais mteule ni yule aliyekwisha kushinda uchaguzi, akisubiri kuapishwa tu. Basi msomaji aambiwapo kwamba filamu "imeteuliwa kwa Tuzo 9 za Oscar", ana haki ya kudhani kwamba imezipata.

Tutazame filamu mbili za mwaka 2022 zilizo nje ya mkondo wa kawaida. The Banshees of Inisherin, ya Martin McDonagh, yahusu wakazi wawili wa kisiwa cha Ireland ambao urafiki wao unavunjwa ghafla na mmoja wao. Everything Everywhere All at Once yahusu mama mwenye duka la kufulia nguo anayejikuta akivuka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine. Katika Tuzo za Oscar za Machi 2023, ya kwanza iliwania tuzo 9 isipate hata moja. Ya pili iliwania 11 ikapata 7. Anayeziita zote mbili "teule" huificha tofauti hiyo.

Kitenzi kuteua hakina kosa. Kosa ni kukiacha bila kijalizo. Tume ya uchaguzi huteua wagombea, wala hapana adanganyikaye, kwa kuwa shabaha ya uteuzi imetajwa. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) kuteuliwa kuwania tuzo, kwa hatua ya kwanza;
(b) mwaniaji, kwa mtu; filamu inayowania, kwa filamu;
(c) kutunukiwa na mshindi, baada ya matokeo tu.

Kuhusu kazi ya mhakiki, kutabiri kwadokeza ufunuo, na kubahatisha kwanyima kazi hiyo msingi. Mhakiki hupima dalili. Kabla ya sherehe ile ya 2023, Everything Everywhere All at Once ilikwisha kutunukiwa na vyama vya waongozaji, watayarishaji, waigizaji na waandishi wa Marekani, na baadhi ya wanachama wa vyama hivyo hupiga kura za Oscar. Neno makisio, ambalo watumishi wa serikali wanalijua kutokana na bajeti, lafaa zaidi: makisio huwa na msingi, lakini bado si matokeo.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na kutuarifu pale yanapokwama.