Kununua alevini: uliza kwanza habari za mama zao



Wakati wa kiangazi watu wengi walichimba viziwa vya samaki katika mabonde, wengine kwa salongo, wengine kwa kulipa vijana. Sasa mvua imerudi, maji yamepanda, na kila mmoja anatafuta alevini, ni kusema vitoto vya samaki vya kupandikiza. Ni wakati huu njo pesa ya kooperative inapotea. Kiziwa kinaweza kuwa kizuri, digi iko nguvu, mbolea imewekwa na maji yamekuwa kijani kama inavyotakiwa. Lakini kama vitoto ni vibaya, baada ya miezi sita utavua samaki wa vidole viwili, na pumba yote ya mchele uliyowapa imekwenda bure.

Watu wa kwetu wanajua mbegu. Hakuna mkulima wa mpunga anayenunua mbegu bila kuuliza ni aina gani, ilivunwa katika shamba gani, msimu gani. Kwa samaki tunasahau ile akili yote. Tunafika kwa mwenye kiziwa, tunaona vitu vinaruka ndani ya maji, tunauliza bei, tunajaza bidoni, tunapanda pikipiki. Ukiuliza aina, utajibiwa: «Ni tilapia tu.» Jibu hilo halitoshi.

Tilapia si moja

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kituo cha ufugaji wa samaki kule Kipopo, karibu na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Tilapia walizofanyia kazi pale zilikuwa hasa za aina mbili: makrokiri, na ile waliyoiita melanoplera, ambayo siku hizi inaitwa rendali. Kutoka vituo kama hicho, vitoto vilipelekwa vijijini katika majimbo mengi, na watu wakachimbishwa viziwa kwa maelfu. Uhuru ulipofika na vita vikafuata, viziwa vingi vikaachwa, nyasi zikaota, samaki wakatoka na maji ya mafuriko. Ila samaki hafi kwa sababu mradi umekwisha. Damu ya zile tilapia za zamani bado inatembea katika mito na viziwa vya sehemu nyingi za inchi.

Baadaye ikaja nilotika. Asili yake ni mto Nili na maziwa yetu ya mashariki: Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Mwaka 1978 Corps de la Paix ya Marekani ilianza mradi wa viziwa vya familia katika Zaïre, na mradi huo ulichagua nilotika kwa sababu inakula karibu kila kitu na inakua mbio kuliko zile mbili. Wale vijana wa Marekani waliondoka mwaka 1991 wakati wa fujo, lakini nilotika ilibaki.

Namna ya kuzitofautisha si ngumu. Chukua samaki mkubwa kidogo, mfungue mkia wake uutazame kwenye mwanga. Nilotika ana mistari ya kusimama, imepangwa vizuri kama michirizi ya kitambaa, mkia wote. Makrokiri hana mistari hiyo, na uso wake ni wa mviringo zaidi. Rendali mara nyingi ana wekundu kifuani na chini ya mkia, na anapenda majani: ukimtupia majani ya muhogo au ya viazi, anayakata. Rendali hazai kwa kubeba mayai kinywani. Baba na mama wanachimba shimo chini na kulinda pamoja. Nilotika na makrokiri, mama ndiye anayebeba mayai na vitoto ndani ya kinywa.

Shida ni kwamba nilotika na makrokiri wakiwekwa pamoja wanaoana. Ilitokea wazi katika ziwa Itasy, kule Madagaska, ambapo aina hizo mbili zilitiwa na watu, kisha wakaonekana samaki wa katikati. Katika kiziwa cha muuzaji asiyetenga aina ni vilevile. Mistari ya mkia inakuwa nusu, imekatika, imepotea upande mmoja. Ukiona wengi wa namna hiyo kati ya samaki wakubwa wa muuzaji, ujue hawezi kukuahidi vitoto vyake vitakua namna gani. Hata yeye hajui.

Kibete si mtoto

Hapa njo udanganyifu mkubwa uko, na mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui kama anadanganya.

Tilapia akibanana katika kiziwa, chakula kidogo, anaacha kukua lakini haachi kuzaa. Mama wa nilotika aliyelishwa vizuri anaweza kungoja hadi awe na mwili wa kutosha. Yule wa kiziwa kilichojaa anaanza kuzaa akiwa na gramu 30 tu, pengine chini ya hapo. Anabeba mayai kinywani siku kumi au zaidi bila kula, anatoa vitoto, anapumzika kidogo, anarudia. Vitoto vinazaa vitoto. Baada ya mwaka mmoja kiziwa kimejaa samaki wa urefu wa kidole, na kati yao kuna bibi na wajukuu, wote sawa kwa macho. Mwenye kiziwa anawavua, anawaita alevini, anauza.

Mtazame samaki vizuri kabla ya kutoa franka. Mtoto wa kweli ana kichwa kidogo kwa mwili wake, ngozi inang'aa, mgongo umejaa. Kibete ana kichwa kikubwa na macho makubwa, mwili mwembamba nyuma kama kisu. Kisha chukua kama ishirini, uwafungue kinywa mmoja mmoja. Ukikuta mayai au vitoto ndani ya kinywa cha samaki wa ukubwa wa kidole, rudisha bidoni lako kwenye pikipiki. Hao ni mama za watu.

Wengine watasema: kibete akipata nafasi na chakula atakua. Ni kweli kidogo, anaongezeka. Lakini anaingia katika kiziwa chako akiwa tayari kuzaa, na wiki chache tu mbele utakuwa na ule mubanano wa kule alikotoka. Unalipa pesa kununua shida ya jirani.

Ulizo la pili kwa muuzaji: mama na baba za vitoto hivi wako wapi, niwaone? Muuzaji wa kazi anao kando, katika kiziwa chao peke yao, wakubwa, kama baba mmoja kwa mama watatu. Anajua walitoka wapi na mwaka gani. Kama anakujibu kwamba alianza na samaki wawili waliopewa na shemeji miaka kumi iliyopita, basi vitoto vyote ni ndugu wa tumbo moja wanaooana wao kwa wao, na kila kizazi kinapoteza nguvu. Mfugaji anayetaka kuuza mbegu kwa miaka mingi anahitaji makumi ya mama na baba wasio wa familia moja, na kila mara kuleta damu mupya kutoka mbali.

Wafugaji wa samaki wa rangi

Siku hizi vijana wanaona katika simu picha za samaki wekundu na weupe wa Japani, wanaoitwa koi, na wanauliza kama tunaweza kuwafuga hapa. Koi si muujiza. Ni kapa, samaki wa chakula. Katika milima ya Niigata wakulima wa mpunga, watu kama sisi, walikuwa wanamfuga kwa ajili ya kula. Katika karne ya 19 waliona wachache wana madoa ya rangi. Hawakuwala. Waliwatenga, wakawaoanisha, na mwaka 1914 wakawapeleka kwenye maonyesho makubwa ya Tokyo. Leo kila aina ina jina lake: Kohaku ni mweupe mwenye wekundu, Sanke anaongezewa weusi, na Showa ni mweusi mwenye wekundu na weupe. Mfugaji wa kule anapata vitoto maelfu na maelfu kwa mama mmoja, halafu anatupa sehemu kubwa, anabakiza wachache. Mnunuzi halipi rangi peke yake. Analipa miaka ya kuchagua.

Karibu na sisi kuna mfano mwingine. Mbelgiji Pierre Brichard alianza katika miaka ya 1970 kule Bujumbura biashara ya kuuza Ulaya na Marekani samaki wadogo wa rangi wa ziwa Tanganyika. Wanunuzi wa samaki hao wanauliza mpaka jina la mwamba walipovuliwa, maana kila sehemu ya ufuko ina rangi yake, na wakichanganywa bei inaanguka. Sisi tunaonunua chakula cha watoto wetu hatuulizi hata jina la bonde.

Kwa koi wenyewe, jibu letu ni hapana. Soko lake haliko hapa, na kapa anachimba matope na kuharibu digi. Akitoroka akaingia Luama au Lualaba, hakuna atakayemrudisha.

Na kambale je? Kambale ni mzuri kuweka pamoja na tilapia, maana anakula vitoto vinavyozidi, lakini yeye katika kiziwa hazai kirahisi. Wanaozalisha wanamchoma sindano ya kumwamsha mayai. Kwa hiyo mtu akikuuzia kambale wadogo bila kuwa na kazi hiyo, amewavua mtoni wakati wa mafuriko. Si vibaya, lakini wahesabu na uwachague, usije ukaleta samaki mwingine mkali ndani yake. Na wawe wadogo kuliko tilapia zako siku ya kuwatia, au watakula mbegu uliyonunua.

Siku ya kununua

Kooperative itume watu wawili, si mmoja, na waende mara ya kwanza bila bidoni. Waone mama, waone mikia, wafungue vinywa, wapatane bei kwa samaki mmoja na si kwa ndoo. Waandike kwenye karatasi: aina, umri wa vitoto, idadi, siku ya kuchukua. Muuzaji akubali kutowapa chakula tangu siku moja kabla, kwa sababu samaki aliyeshiba anachafua maji ya safari na kufa ndani yake.

Hesabuni pia mahitaji yenu. Kwa kiziwa cha familia kinacholishwa mbolea, pumba na majani, samaki mmoja au wawili kwa meta moja ya mraba wanatosha. Kiziwa cha are 4 kinahitaji kati ya 400 na 800. Anayenunua 2 000 kwa sababu bei imeshuka anajitengenezea vibete mwenyewe. Kuhesabu wengi si lazima mmoja mmoja: jazeni kikombe kimoja mara tatu, hesabuni kila mara, chukueni wastani, kisha pimeni kwa kikombe.

Bidoni liwe la maji au la mafuta ya mawese lililosafishwa vizuri, lisiwe la petroli wala la sabuni. Maji yawe ya kiziwa kilekile cha muuzaji, nusu au kidogo zaidi, juu ibaki hewa, na kifuniko kiwe na matundu. Safiri alfajiri. Kutoka Wamaza hadi Kabambare au Kasongo barabara inajulikana, na kwa samaki mitikisiko ya pikipiki si adui kabisa, kwa sababu inaingiza hewa ndani ya maji. Wanakufa hasa pikipiki inaposimama: kwenye bariere, kwenye kivuko, kwenye tairi iliyotoboka. Hapo mtu mmoja achukue kikombe, achote maji na kuyamwaga tena kutoka juu, bila kuacha. Wakipanda wote juu kufungua vinywa, maji yamechoka. Badilisha sehemu kwa maji safi ya mto.

Ukifika, usimwage. Weka bidoni ndani ya kiziwa, ongeza maji ya kiziwa kidogo kidogo kwa dakika ishirini hivi, kisha laza bidoni watoke wenyewe. Kama mna kishimo kidogo kando, wakae humo wiki mbili kwanza. Wakiwa na vidonda au ukungu mweupe utauona kabla haujaingia kwa samaki wengine.

Kisha, katika vile vitoto, chagueni mapema wale watakaokuwa mama na baba. Baada ya miezi mitano au sita, wakati wa kuvua, msiuze wakubwa wote na kubakiza wadogo kwa mbegu, kama wengi wanavyofanya. Hiyo ni kuchagua udogo. Wekeni kando wale waliopita wenzao, baba mmoja kwa mama watatu, katika kiziwa cha are moja. Baba ana matundu mawili chini ya tumbo, mama ana matatu. Kwa samaki wa gramu 30 na zaidi inaonekana ukipangusa kwa kidole. Kila wiki tatu hivi vitoto vinaonekana makundi makundi pembeni mwa maji, asubuhi jua likianza kupata nguvu, na mnaweza kuvichota kwa wavu laini. Wavu huo usiwe mustikere mupya ya kujikinga na malaria: dawa yake ya kuua mbu inaua samaki pia, na kwa vitoto haihitaji nyingi. Nunueni kitambaa cha tule sokoni, mkishone kwenye fito mbili.