Nilimchunguza mchumba wangu mahakamani

Nilikuwa nimekaa kwenye draya, rola kichwani, namwonyesha msusi wangu picha za gauni. Harusi ilikuwa imebakiza miezi minne. Akaziangalia, akazisifia, halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Hivi huyo shemeji umeshamtazama kwenye Case Search?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mimi naishi Silver Spring, jimbo la Maryland, pua na mdomo na jiji la Washington. Mchumba wangu ni Mtanzania mwenzangu. Tulikutana msibani, na wanaoishi huku Marekani hawatashangaa, maana misiba ndiyo inayotukutanisha. Nilikuwa nimemjua miaka miwili. Mpole, mchapakazi, ndizi nyama anazipika kunishinda. Nimchunguze kwa lipi?

Lakini tuwe wakweli, jamani. Nyumbani, kabla posa haijajibiwa, kuna mjomba au shangazi anayepanda basi kimya kimya kwenda kuulizia. Huyu kijana ana mke mwingine? Ana madeni? Ana mkono mwepesi? Hata sheria ya ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inawataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze mapema. Sasa huku mjomba wangu hayupo, na ukoo wa mchumba wangu uko Moshi. Hakuna wa kumtuma. Kazi ya mjomba, nikagundua, inaweza kufanywa na mahakama ya kaunti.

Usiku ule, yeye akiwa kazini shifti ya usiku, nikawasha kompyuta.

Dakika mbili tu

Jina lake kamili ni Maryland Judiciary Case Search. Ni tovuti ya mahakama yenyewe, ya bure, na imekuwepo tangu 2006. Maryland ina kaunti 23 pamoja na jiji la Baltimore ambalo linajitegemea, na kesi za kote huko unazitafuta mahali pamoja. Unaandika jina la ukoo na jina la kwanza, unabofya. Hakuna anayekuuliza unamtafutia nini, wala unayemtafuta haletewi taarifa. Kumbukumbu za mahakama, isipokuwa zilizofungwa kisheria kama za watoto, ni mali ya umma.

Zilitoka kesi nne. Majina ya Kichaga yanajirudia, kwa hiyo kabla hujaanza kulia angalia mwaka wa kuzaliwa na anwani. Mbili zilikuwa za mzee mmoja wa Baltimore ambaye angeweza kuwa baba yake. Mbili zilikuwa za kwangu. Yaani za kwake.

Ya kwanza ilikuwa ya jinai, ya mwaka 2016: shambulio la daraja la pili. Nikaingia kusoma sheria. Maryland kosa hilo linahesabiwa kuwa dogo, lakini adhabu yake ya juu ni miaka 10 jela. Miaka kumi, kosa dogo! Nikaisoma ile kurasa pengine mara ishirini. Ya pili ilikuwa kesi ya madai. Nikaitupia jicho mara moja, nikaona haina polisi wala pingu, nikaiacha.

Msomaji, ishike hiyo ya pili. Tutairudia.

Mwisho wa kesi ya jinai paliandikwa maneno mawili ya Kilatini, nolle prosequi. Maana yake mwendesha mashtaka aliamua kutoendelea. Huko ndani utakutana na maneno mengine ya namna hiyo. Stet ni kesi iliyowekwa kando: ndani ya mwaka mmoja inaweza kufufuliwa, na baada ya hapo mpaka pawe na sababu ya msingi. PBJ ni pale hakimu anapompa mtu kipindi cha matazamio bila kumtia hatiani, na kwa sheria ya Maryland hiyo haihesabiwi kuwa hatia. Wahamiaji lakini muwe macho, maana sheria ya uhamiaji ya shirikisho inaweza kuihesabu kuwa hatia kama mtu alikiri kosa. Usimshauri mtu akubali PBJ kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji.

Basi nolle prosequi ikawa imenituliza? Thubutu! Mashtaka huondolewa kwa sababu nyingi. Wakati mwingine hayakuwa na kichwa wala miguu. Wakati mwingine ni mwanamke aliyepigwa ambaye siku ya kesi aliogopa kuja. Skrini haikuambii ni ipi kati ya hizo.

Sikumuuliza. Siku tisa nzima sikumuuliza. Akija na chipsi kuku, mimi naangalia mikono yake.

Kwenye dirisha la karani

Siku ya kumi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mahakamani. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nieleze polepole. Tovuti inakupa mifupa tu: tarehe, shtaka, matokeo. Nyama iko kwenye jalada, na jalada liko mahakamani. Makosa madogo, kesi za barabarani, kodi za nyumba na madai yasiyozidi dola 30,000 viko Mahakama ya Wilaya. Makosa makubwa, talaka na malezi ya watoto viko mahakama ya juu yake, ile inayoitwa Circuit Court. Ukiwa Kaunti ya Montgomery utakwenda Rockville, na Mahakama ya Wilaya ina jengo Silver Spring pia. Ukiwa Prince George's ni Upper Marlboro, au Hyattsville kwa Mahakama ya Wilaya. Andika namba ya kesi kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Ukifika dirishani na namba, karani hana sababu ya kukuuliza hadithi ya maisha yako.

Tangu Mei 2024 mahakama za kaunti zote za Maryland zinatumia mfumo mmoja wa kielektroniki, na ndani ya majengo yao kuna kompyuta za umma za kusomea nyaraka ambazo ukiwa nyumbani huzioni. Kesi ya zamani huenda ikabaki kwenye makaratasi, basi unaomba waitoe stoo na unarudi siku nyingine. Yangu ilinilazimu kurudi. Nakala nililipa nusu dola kwa ukurasa, na ukitaka ile ya muhuri unaongeza dola tano.

Jalada lilikuwa na kurasa 11. Ukurasa uliojibu maswali yangu ulikuwa umeandikwa kwa mkono.

Mimi nilidhani kila mashtaka yanaanza na polisi. Kumbe Maryland mtu yeyote anaweza kwenda kwa kamishna wa Mahakama ya Wilaya, hata saa nane ya usiku, akaapa na kuandika kwamba fulani kamfanyia jambo hili. Kamishna akiona maelezo yanatosha, mashtaka yanatoka. Ukurasa ule uliandikwa na kijana waliyekuwa wakipanga naye nyumba. Waligombana juu ya mchango wa kodi, wakasukumana mlangoni, simu ikaanguka ikavunjika. Simu imetajwa mara nne. Maumivu hayakutajwa hata mara moja.

Polisi pia waliitwa siku ile, nikataka kusikia na wao waliona nini. Ripoti ya polisi haikai mahakamani, unaiomba idara ya polisi ya kaunti yenyewe, kwa maandishi, chini ya sheria ya jimbo ya taarifa za umma. Taja tarehe, mahali, majina, na namba ya ripoti kama unayo. Kwa kawaida hulazimiki kusema unaitakia nini. Wana siku 30 za kukubali au kukataa, wakihitaji zaidi ya siku 10 za kazi wanatakiwa wakujulishe, na saa mbili za kwanza za kutafuta hawakutozi. Wanaweza kuzuia mambo ya upelelezi, na tangu 2015 jimbo lina msuluhishi maalumu wa kumwendea ukiona umenyimwa bila sababu. Ripoti yangu ilikuja wiki ya nne, majina na anwani vimepakwa wino mweusi, na mstari mmoja nilioutafuta: hakuna aliyeonekana na jeraha.

Nikapumua. Na hapa nisimdanganye mtu. Ningekuta humo mwandiko wa mwanamke, au amri ya mahakama ya kumkataza asimsogelee mtu, au kesi tatu za aina moja hata kama zote zimefutwa, nisingekuwa naandika makala hii kwa utani utani. Ningekuwa nimerudisha pete.

"Na ile ya deni?"

Ijumaa nikampikia, nikaweka makaratasi mezani karibu na hotpoti. Akayatazama muda mrefu. Nilitegemea hasira. Akasema tu, "Nilijua ipo siku utayapata. Na ile ya deni umeisoma?"

Deni? Deni lipi?

Msomaji, si nilikwambia uishike ile kesi ya madai. Binamu yake alitaka gari, mkopo ukakataa kutoka mpaka apate mdhamini, mwenzangu akatia saini. Binamu akahamia Texas na gari lake. Wakopeshaji hawakumfuata binamu. Walimfuata aliyekuwa karibu. Mwaka 2019 mahakama ikamwamuru mchumba wangu alipe dola 11,000, na Maryland hukumu ya namna hiyo inaishi miaka 12, inaweza kuhuishwa tena, na riba yake ni asilimia 10 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: dola 1,100 kila mwaka juu ya lile deni. Mdai akitaka, anaweza kwenda kukata kwenye mshahara. Na sisi tulikuwa tunaongea habari za kununua nyumba!

Nilikasirika kuliko nilivyokasirikia shambulio. Si kwa sababu ya pesa. Ni kwamba tulikaa jioni ngapi tukipanga bajeti ya ukumbi na keki ya ngazi tatu, na yeye anajua. Alisema aliona aibu. Akasema binamu ni damu, angeanzaje kumsema? Nikamwambia harusi ya Oktoba haipo. Akalala kwake wiki mbili.

Wakati huo nikamalizia kazi ya mjomba, maana nilishaanza. Case Search ni ya Maryland peke yake. Mwenzako akiwa amewahi kuishi Virginia au mjini Washington, kule kuna mifumo yake, na daftari la taifa zima la raia kuchungulia halipo. La FBI limefungwa. Unachoweza kupata humo ni rekodi yako mwenyewe, kwa alama za vidole na dola 18. Kesi za shirikisho, pamoja na kufilisika, ziko PACER: senti 10 kwa ukurasa, na usipovuka dola 30 kwa miezi mitatu hulipi kitu. Zile tovuti binafsi zinazokuahidi siri zote za mtu kwa kadi yako ya benki, achana nazo. Huchanganya watu wa jina moja, na mengi yaliyomo unayapata bure kwa makarani.

Na Maryland haijui ndoa iliyofungwa Tanzania. Unapoomba leseni ya ndoa, karani wa kaunti anakuuliza kama uliwahi kuoa au kuolewa, lakini hapigi simu Moshi. Hilo ulizia RITA, ambako ndoa za Tanzania husajiliwa. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure TanzLII, na kwa Kenya kuna Kenya Law. Mahakama ya mwanzo, hapo mtume shangazi.

Wiki ya tatu mchumba wangu alikuja na daftari. Humo alikuwa ameandika kila senti anayodaiwa, mpaka dola 40 za mchango wa msiba. Tukampigia wakili wa mdai pamoja, spika ikiwa wazi. Wakakubali kupunguza kama italipwa kwa mkupuo. Pesa za ukumbi zikaenda huko, na binamu, baada ya mama yake kuelezwa habari yote, akatuma sehemu yake kwa mafungu.

Tulifunga ndoa Aprili, ukumbi wa kanisa, pilau la kujipikia. Wiki moja kabla tulifungua Case Search tukiwa wawili. Mdai alikuwa amepeleka karatasi ya kuthibitisha kwamba amelipwa, na neno hilo lilikuwa limeshaandikwa pale kwenye kesi. Nikataka kufunga kompyuta. Akanishika mkono, akaandika jina langu.

"Maili 54 kwenye barabara ya 35?" akasoma. "Rockville? Mwaka jana? Mbona hii hukuniambia?"

Nilikuwa nachelewa mahakamani, nikamwambia. Na ni kweli.