Tansio ya kweli ao tansio ya woga?

Tuwaze mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Ametoka Kashuga kwa miguu, mtoto mgongoni, kuja CPN. Kwenye benchi amesikia wenzake wakisimulia juu ya jirani aliyekufa kwa tansio. Mara jina lake linaitwa. Anaketi, kitambaa cha mashine kinafungwa mkononi, kinapulizwa, kinabana. Mganga anaandika: 15 kwa 9. Mama anauliza kwa sauti ndogo: “Basi nitakufa?”

Wengi wetu tunalijua jambo hili. Wengine, wakiisha kusikia namba kama hiyo, hawarudi tena CPN. Hapo ndipo hatari yenyewe inaanza.

Namba inasema nini?

Mganga akisema 12 kwa 8, ni 120 kwa 80. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo ukisukuma; ya pili ni nguvu yake moyo ukipumzika. Kwenye kituo cha afya, kuanzia 14 kwa 9 inahesabiwa kuwa ya juu. Lakini mara nyingi kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa.

Woga unapandisha damu

Sisi wa Mweso tunajua namna mwili unavyoshtuka. Mwanzoni mwa 2024, vita ilipotufikia, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya hospitali kuu. Risasi ikilia, moyo unapiga mbio, mishipa inabana, mwili unajitayarisha kukimbia. Hayo yote yanapandisha tansio kwa muda. Koti nyeupe ya mganga inaweza kufanya vile vile, hata kama mganga mwenyewe ni mpole.

Mwaka 1983, Giuseppe Mancia na wenzake wa Milan, Italia, walionyesha jambo hili wazi. Walipima damu ya wagonjwa bila kukatiza. Daktari alipoingia, kwa dakika chache tu namba ya juu ilipanda wastani wa kama 27, na ya chini kama 15. Kwa hesabu yetu, mama wa 12 kwa 8 anaweza kuandikwa karibu 15 kwa 9 na nusu! Baada ya dakika kama 10, damu ilikuwa imeshuka sana.

Tufanye nini siku ya kupimwa?

- Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute tumbako. Ukifika kwa haraka, pumzika kwanza.
- Nenda choo kabla ya kupimwa.
- Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, bila kuikunja.
- Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, bila nguo nzito.
- Usiongee wakati mashine inapima.
- Ukiwa na woga, sema. Omba kwa heshima: “Mganga, naomba unipime tena nikiisha kupumzika.” Hilo si kosa.

Vikundi vyetu vya AVEC vinaweza pia kuwaza kununua mashine moja ya mkono, na kumuomba mganga atufundishe kuitumia. Nyumbani mtu ametulia. Huko, kuanzia 13 na nusu kwa 8 na nusu ni ya juu.

Lakini tusijidanganye

Tusiseme “ni woga tu” na kukaa nyumbani. Tansio ya woga inaweza kugeuka ya kweli, kwa hiyo inapaswa kufuatiliwa. Anayekunywa dawa asiiache bila mganga. Na mwenye mimba ahangaikiwe zaidi: kipimo cha juu kirudiwe, na mkojo upimwe.

Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ikiwa kichwa kinauma sana, macho yanaona giza ao nyota, tumbo linauma juu chini ya mbavu, uso na mikono vinavimba ghafla, ao tansio imefika 16 kwa namba ya juu ao 11 kwa namba ya chini. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na kinaua mama na mtoto.

Yule mama wa Kashuga alikaa, akapumua, akapimwa tena: 13 kwa 8. Mkojo wake ulikuwa mzuri. Aliambiwa arudi baada ya juma moja. Kazi yetu, mama, ni kumsindikiza ili arudi kweli.