Nishati Jadidifu na Maji ya Ruaha

Katika maandishi mengi juu ya umeme, maneno mawili hutumiwa kana kwamba ni pacha: nishati mbadala na nishati jadidifu. Si pacha. Mbadala ni kitu kishikacho mahali pa kingine, na jina hilo hutegemea kile kilichoondolewa. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2004, ilikuwa mbadala wa mafuta mitamboni. Lakini gesi ikishachomwa, haizaliki tena katika umri wa mwanadamu. Jadidifu yatokana na kitenzi jadidi, yaani kufanya upya, kilichotiwa kiambishi -fu kama katika haribifu. Kiambishi hicho aghalabu hutaja tabia ya kitu chenyewe, wala si tendo la mara moja. (Jadi na jadidi zina herufi zile zile za asili katika Kiarabu, jimu na dali mbili, ingawa moja yaelekea kale na nyingine yaelekea upya.)

Je, umeme wa maji wastahili jina hilo? Jua hugeuza maji kuwa mvuke, mvua huyarudisha milimani, na mto huyateremsha. Mtambo hauyanywi maji hayo. Huchukua tu nguvu ya kuanguka kwake, yanaposukuma mapanga ya gurudumu, kisha huyaacha yaende zake. Mita moja ya ujazo ya maji, ikianguka kila sekunde kutoka kimo cha mita 100, ina nguvu ya kilowati 981 hivi, kabla ya kuondoa zile zipoteazo mtamboni. Basi yapimwayo ni mambo mawili, kimo na wingi. Kimo ni cha jabali, nacho hakibadiliki. Wingi ni wa mvua, na hapo ndipo neno linapojaribiwa.

Mfano mwema ni Ruaha Mkuu. Bwawa la Mtera, lenye mtambo wa megawati 80, huweka maji ya masika ili Kidatu, chini yake, chenye megawati 204, kisikose kazi wakati wa kiangazi. Maji yale yale hufanya kazi mara mbili, na hesabu ni nzuri maadamu mto unatiririka. Lakini tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kilimo cha umwagiliaji cha Usangu ni miongoni mwa sababu zake. Mwezi wa Oktoba 2015 maji ya mabwawa ya Tanzania yalipungua hata mitambo ikazimwa.

Hapana shaka maji yalikuwa yakijadidika mwaka huo pia, ila hayakufika Mtera kwa kiasi kilichohitajiwa. Kwa hiyo yafaa kusema umeme wa chanzo jadidifu, kuliko kusema umeme jadidifu. Usemi wa kwanza humkumbusha msomaji kuuliza habari za chanzo, na wa pili humwondolea swali hilo.

Maji ya Ruaha yakishapita Kidatu huingia Rufiji, juu ya Bwawa la Julius Nyerere. Huko imewekwa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na wa kwanza ulianza kazi Februari 2024.