Mtumishi, likizo yako haisubiri nauli

Ukikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya afisa utumishi wa halmashauri mwezi Novemba, swali utakalolisikia zaidi ni hili: "Mzee, nauli za likizo zimetoka?" Wanaoulizia siku zenyewe, wamebakiwa na ngapi na mwisho wa kuzichukua ni lini, ni wachache. Mwalimu, muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kata, dereva wa mkurugenzi, wengi wameshajiwekea hesabu kwamba mwaka wenye nauli ndio mwaka wa likizo, na usio na nauli ni wa kuchapa kazi mfululizo. Hesabu hiyo ni mbovu, na wanaoilipia ni wao wenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu pia watumishi wa Serikali wa Tanzania Bara, ukiondoa wanajeshi, polisi, askari magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar ina Sheria yake ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2011. Kwa Bara, kifungu cha 31 kinampa mfanyakazi siku 28 za likizo, kwa mshahara wake, katika kila mzunguko wa miezi 12. Taratibu za kuomba na kuidhinisha, pamoja na hiyo nauli inayoulizwa kila siku, zimo kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, kitabu ambacho watu hukitafuta siku wameshapata matatizo.

Nauli hutolewa mara moja kila baada ya miaka miwili, kwa mtumishi, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, kwenda na kurudi nyumbani kwao. Kwa mtu wa Kigoma anayefanya kazi Mtwara, fedha hiyo si ndogo, wala simlaumu anayeifuatilia. Asili yake nayo si ngeni. Enzi za Tanganyika, afisa wa Kiingereza alitumikia kipindi chake, kisha akalipiwa tiketi ya meli akapumzike kwao miezi kadhaa. Mkoloni aliondoka, lakini fikra kwamba kupumzika maana yake ni kusafiri kwenda kwenu ikabaki ofisini, na mimi naona ndiyo iliyotufikisha hapa. Mtu ambaye hana safari anajiona hana likizo.

Nauli inategemea fungu lililotengwa kwenye bajeti inayoanza Julai mosi, na likiisha, mtumishi anaingia kwenye orodha ya madeni. Madai ya walimu ya nauli za likizo, matibabu na uhamisho yamekuwa wimbo wa kila Mei Mosi kwa miaka mingi. Siku 28, kwa upande wake, hazitegemei fungu lolote. Bosi anayekwambia "subiri fedha ziingie ndipo uende" anakuchanganyia mambo mawili. Nenda zako ukapumzike, nauli utaidai ukiwa umepumzika.

Kusubiri kuna bei yake. Sheria inamruhusu mwajiri kupanga ni lini uende, lakini isizidi miezi sita baada ya mzunguko wako kwisha, au miezi 12 kama umekubali mwenyewe na kazi kweli imebana. Ukiuacha muda huo ukapita, huwezi kuja baadaye kudai ulipwe siku ulizozilaza. Yule mzee wa idara anayejisifu kwamba hajachukua likizo tangu ahamie Dodoma anadhani amejiwekea akiba. Hana akiba yoyote.

Hata sifa anazopewa zina walakini. Muulize mkaguzi wa ndani yeyote atakwambia anaanza kushtuka akimwona mhasibu asiyekwenda likizo mwaka hadi mwaka. Likizo ndiyo wakati ambapo mtu mwingine anakaimu, anafungua kabati, anashika kitabu cha stakabadhi, anapokea simu za wazabuni. Mengi yaliyofichika hujulikana hapo. Simaanishi kwamba kila anayeng'ang'ania kiti ni mwizi. Wengine wanaogopa tu kwamba wakiondoka mwezi mmoja itaonekana ofisi inaweza kwenda bila wao. Ofisi nzuri ndivyo inavyotakiwa iwe.

Jambo jingine linalowapita wengi ni namna siku zinavyohesabiwa. Hizi 28 ni siku mfululizo, zikiwemo Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa. Anayeanza likizo tarehe 8 Desemba anamaliza tarehe 4 Januari, na ndani yake amekula Siku ya Uhuru, Krismasi, siku inayofuata na Mwaka Mpya, sikukuu ambazo hata asingeomba likizo angekaa nyumbani. Wa Novemba, mwezi ambao kwa kawaida hauna sikukuu, anapata wiki nne kamili bila kupoteza chochote. Walimu hawana uchaguzi huo kwa sababu likizo yao inafuata kalenda ya shule. Na usijilinganishe na mwenzako wa upande wa pili wa Namanga: mtumishi wa umma wa Kenya ana siku 30 za kazi, wikiendi hazihesabiwi, yaani wiki sita.

Sasa tuje kwenye ugonjwa, maana huku ndiko likizo ya mwaka isiyochukuliwa inakojitokezea kwa mlango wa nyuma. Kila aliyefanya kazi serikalini anaijua ED, kile kikaratasi cha daktari kinachokupa mapumziko ya siku mbili tatu. Mtu aliyechoka miezi kumi na minane bila kupumzika huishia kuitafuta ED kama njia ya kupumua. Daktari anaandika "maumivu ya mgongo", mkuu wa idara anakunja uso, na faili linaanza kujaa vikaratasi. Likizo ya ugonjwa haikuwekwa kwa kazi hiyo, na anayeitumia hivyo anajiharibia jina kwa siku atakayougua kweli.

Atakayeugua kweli ana kinga kubwa kuliko anavyodhani. Sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 32, inatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa; pasipo cheti, mwajiri halazimiki kulipa. Aliyeumia akiwa kazini, au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi, ana njia nyingine tena: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na unaowagusa watumishi wa umma na wa sekta binafsi.

Hiyo nusu mshahara ndiyo inayostahili kufikiriwa mapema. Tuseme mtumishi analipwa shilingi 900,000, na benki inakata 400,000 kila mwezi kwa mkopo wa bati na tofali. Akifika siku ya 64, mshahara unashuka hadi 450,000. Mkopo haujui kwamba mwenye nao amelazwa. Wakati mwingine mgonjwa hurudi kazini hajapona, anakaa kwenye meza akitetemeka, kwa sababu ya hesabu hii tu. Wanaokopa mpaka mwisho wa kiwango wanachoruhusiwa wangefaa kuikumbuka kabla ya kusaini.

Kosa baya zaidi, hata hivyo, ni la kunyamaza. Katika utumishi wa umma, kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Mgonjwa aliyelazwa kijijini kwao, simu imezima, ndugu hawajui hata jina la mkuu wake, kwenye daftari la mahudhurio anasomeka mtoro. Akipona anakuta barua ya mashtaka. Anaweza kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu apokee uamuzi, lakini huko ataulizwa nyaraka, na nyaraka ndizo ambazo hakuzipeleka. Kuhudumiwa na mganga wa kienyeji, hata kama ulipona kweli, hakutakusaidia mbele ya kamati ya nidhamu.

Likizo ya uzazi ni habari ndefu inayojitegemea: siku 84, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja. Katika Mei Mosi ya 2024 jijini Arusha, Serikali ilitangaza kwamba mama wa mtoto njiti ataongezewa muda. Hilo lilichelewa, lakini ni jema.

Wakuu wa idara nao wana la kujibu. Ratiba ya likizo isiyoandikwa mapema inazaa Desemba ambayo kila mtu anaomba kwa pamoja na nusu wanakataliwa. Na wale wanaomwidhinishia mtu likizo kisha wanamtaja kwenye kundi la WhatsApp la idara saa mbili usiku, "naomba ile taarifa kabla ya kesho", wajue kwamba huyo bado wanamfanyisha kazi, amebadilishiwa kiti tu.

Wewe mtumishi unayesoma, wiki hii muulize afisa utumishi mzunguko wako unaisha tarehe gani na umebakiwa na siku ngapi. Omba kwa maandishi au kwa mfumo unaotumika ofisini kwenu, kisha weka nyumbani nakala iliyoidhinishwa. Na mpe mtu mmoja wa familia namba ya simu ya mkuu wako wa kazi, ili siku ukilazwa ofisi ipate taarifa kabla siku tano hazijapita.