Nauli ya Gari: Kwa Nini Inapanda na Kushuka

Wapendwa wanavikundi, safari hii tunataka kuzungumza juu ya nauli, kwa sababu tumeona inaleta maneno katika vikundi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, tuliitwa na kikundi cha akina mama upande wa Runyenjes tuketi nao. Walikuwa wametuma watu 5 Nairobi kutafuta soko la vikapu. Kabla ya safari waliuliza nauli ya kutoka Embu mjini wakaambiwa ni shilingi 400. Basi mweka hazina akapewa 4,000, za watu 5 kwenda na kurudi. Kwenda hakukuwa na shida. Siku ya kurudi, Krismasi ikiwa imekaribia, walifika steji ya Tea Room wakaambiwa kila mtu ni 800. Mama huyo akatoa 2,000 za mfuko wake. Alipoomba arudishiwe, wengine wakaanza kunong'ona: gari ni ile ile, barabara ni ile ile, hizo zingine zilienda wapi? Na tikiti hakuwa nazo.

Nani anapanga nauli?

Wengi wanafikiri kuna ofisi ya serikali inayopanga nauli ya matatu. Hapana. Serikali inapanga bei ya mafuta: kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi, EPRA, inatangaza bei ya juu kabisa ambayo petroli na dizeli zitauzwa mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Lakini nauli inapangwa na Sacco au kampuni yenye gari. Kwa hiyo ukienda kulalamika kwa chifu kwamba nauli imepanda, atakusikiliza tu.

Kile serikali inatoa ni leseni. Hata hii ina historia. Matatu za kwanza zilikuwa zikibeba watu kwa senti thelathini, na wengi wanasema jina lenyewe lilitokana na hizo senti kumi tatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu zibebe watu bila leseni ya Bodi ya Leseni za Uchukuzi, ile wazee wanaikumbuka kwa jina la TLB. Sheria ya 1984 ikazirudisha chini ya leseni na ukaguzi. Mwaka 2004 zikaja zile kanuni za Waziri Michuki: mshipi wa kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano. Siku hizi kazi ya TLB inafanywa na NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Tangu kanuni za 2014, mwenye gari moja hawezi kujiendea peke yake. Ni lazima awe ndani ya Sacco au kampuni yenye gari zisizopungua 30, na leseni ya kuendesha kazi hiyo inapewa Sacco au kampuni.

Hilo lina maana kubwa kwa abiria. Gari moja ikikosa, zote zinaweza kusimamishwa. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. NTSA ilisimamisha kampuni nzima. Leseni haizuii ajali, jamani, tusidanganyane. Lakini inaonyesha ni nani wa kuulizwa.

Hesabu ya kiti

Sasa turudi kwa 800 za yule mama. Tuchukue mfano wa gari ya viti 10 vya abiria na nauli ya 400. Siku za kawaida inajaa kwenda na kurudi: 4,000 mara mbili, yaani 8,000. Hapo ndani kuna mafuta, dereva na karani wa steji, pesa ya kila siku ya Sacco, ada ya steji ya kaunti, bima, na mkopo wa mwenye gari.

Krismasi ikikaribia, kila mtu anatoka Nairobi kuja nyumbani. Ni nani anaenda Nairobi? Gari inatoka Embu na watu 3, inapata 1,200. Mafuta ni yale yale. Ili ipate zile 8,000, safari ya kurudi lazima ilete 6,800, na ukigawa kwa viti 10 ni 680 kila mtu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyongeza si wizi, ni wewe unalipia viti vilivyoshuka Nairobi vikiwa vitupu. Lakini pia mnaona hesabu haikufika 800. Zile 120 zilizobaki ni za msimu tu: gari ni chache, watu ni wengi, na karani anajua utalipa. Januari mambo yanageuka, mzigo unamwangukia yule anayerudi kazini.

Mliona hesabu hii hii wakati wa korona. Kuanzia Machi 2020 matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, na nauli ikaruka. Watu 8 walikuwa wakilipia viti 14. Viti vyote viliruhusiwa tena Agosti 2021.

Kuna basi za saa maalum, ambazo unakata tikiti mapema na saa ikifika linaondoka hata kama halijajaa. Na kuna hizi gari ndogo tunaziita shato, ambazo zinangoja zijae ndipo zitoke, halafu haziokoti watu njiani. Kwa shato, ukitoka Meru ukataka kushuka Embu unaweza kuambiwa ulipe nauli yote ya Nairobi. Watu hukasirika sana hapo, lakini kile kiti hakitapata mtu mwingine mpaka mwisho wa safari. Kama unashuka njiani, chukua matatu ya kawaida au basi linalosimama. Uliza kabla ya kuketi, si ukifika Chuka.

Probox je?

Vikundi vingi vinapenda kukodi probox ya jirani kwenda mazishi au sokoni, kwa maana ni rahisi na inakufikisha mlangoni. Tunaelewa, hata sisi tumezipanda. Lakini bima ya gari ya kibinafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Gari ya abiria yenye leseni inatakiwa kuwa na bima inayowahusu, na kwa sheria ya Kenya mtu aliyeumia anaweza kulipwa na bima hiyo mpaka shilingi milioni 3. Kwa probox, kampuni ya bima inaweza kukataa, nanyi mbaki kumshtaki jirani ambaye mali yake ni ile gari iliyovunjika. Na zile pikapu za miraa tusizitaje hata kidogo. Hizo zinakimbizana na saa, usimpandishe mtoto wa mtu.

Kabla ya safari ya kikundi, mtu mmoja apige simu ofisi ya Sacco aulize nauli ya siku ya kwenda na ya siku ya kurudi, zote mbili. Kama ni Desemba, Pasaka au wakati shule zinafungwa, tengeni akiba juu yake. Dai tikiti hata kama karani ana haraka. Ikiwa hana, lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki kwenye simu. Andika namba ya gari. Ukitozwa zaidi ya mlivyokubaliana, namba hiyo, tarehe na saa ndivyo ofisi ya Sacco itakuuliza.

Yule mama alisaidiwa na kijana mmoja wa kikundi aliyepiga simu Sacco tukiwa pale pale, akaweka sauti ili wote wasikie. Karani akasema wiki ile nauli ilikuwa 800. Akina mama wakanyamaza. Walimrudishia 2,000 zake siku hiyo hiyo, na katibu akaandika kitabuni. Hata hivyo mwezi wa pili alirudisha kitabu cha hesabu akasema amechoka, achaguliwe mwingine. Mweka hazina mpya ana bahasha ya kaki ambayo tikiti zote zinawekwa, na inafunguliwa mbele ya watu kila mkutano.